Siku Mashine Yangu Ilipojisalimia

Nianze na aibu yenyewe, maana hata nikiificha mtaisikia kwa wengine: mimi, kijana mwenye shahada, niliyesimama mbele ya mizani ya Makambako nimevaa tai ya mistari, niliwahi kushangilia mazungumzo marefu, ya heshima, yenye maafikiano kamili, kati ya mashine yangu na mashine yangu. Hapakuwa na wa pili. Ilikuwa yenyewe na yenyewe, na nikapigiwa makofi.

Ubaya zaidi ni kwamba shaka ilikuwa imenijia mapema. Kwa wiki tatu kabla ya siku hiyo nililala vibaya katika chumba changu cha kupanga pale Mjimwema, nikijigeuza huku na huku kwa sababu ya swali moja: mtu akiongea kwenye waya, sauti yake mwenyewe ikamrudia, atajuaje kwamba anayemjibu si mwenzake? (Vijana wa umri wangu walikuwa wanakosa usingizi kwa ajili ya wasichana, mimi nilikuwa nakosa usingizi kwa ajili ya waya. Mama mwenye nyumba aliposikia kitanda kinalia aliniuliza kama nina minyoo.)

Miaka hiyo biashara ya mahindi ilikuwa imeachiwa huru, maghala ya ushirika yamebaki na popo, na mwenye lori ndiye mwenye neno. Alhaji Mbaruku alikuwa na malori sita. Alikuwa mtu wa Kondoa, aliyeingia Makambako zamani akiwa utingo, na sasa alikuwa na ghala karibu na reli, mizani ya kupimia magari mazima, na ofisi ya vyumba viwili Njombe mjini. Utaratibu wake ulikuwa hivi: mkulima anapima mzigo Makambako, halafu anakwenda ofisi ya Njombe kuchukua hati yenye uzito wake. Uzito ulisafirije kutoka Makambako hadi Njombe? Ulisafiri kwa koo la Mzee Sanga. Huyu alikuwa karani wa mizani, Mkinga mkavu kama ubao wa msonobari, na kila siku alishika simu na kupiga kelele: "Saba! Siyo nane, mama, saba! Saba za wiki!" Upepo wa Makambako ukivuma, laini ikawa inakoroma, alirudia namba moja mara sita.

Mimi nilimdharau. Nasema wazi. Nilikuwa nimetoka chuo Dar es Salaam na diski mbili mfukoni, nikimtazama Mzee Sanga na kalamu yake ya sikioni kama mtu anavyotazama jembe lililovunjika mpini.

"Wewe msomi," Alhaji aliniambia siku ya kwanza, "unaweza kuifanya mizani iongee na Njombe yenyewe?"

"Naweza, Alhaji."

"Bila Sanga?"

"Bila Mzee Sanga, Alhaji."

"Basi nakupa miezi sita. Siku ya kuonyesha ikiongea, kazi ni yako, na malori yote sita utayaona yanapita kwenye chombo chako. Isipoongea, utarudi Matembwe ukapasue mbao na mjomba wako."

Sasa nielezeni mtu mwenye wasiwasi angefanya nini na maneno kama hayo. Niliyabeba kifuani kama mtungi wa maji uliojaa mpaka mdomoni.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi, na asiyependa mambo ya mashine avumilie aya chache. Kuna itifaki, yaani utaratibu wa maongezi, unaotumiwa na mashine mbili zilizounganishwa na waya mmoja, ncha kwa ncha. Kabla ya kupelekana habari yoyote, zinasalimiana na kupatana: mimi napendekeza hivi, wewe unakubali au unakataa, ukikataa nashusha, mpaka tunaelewana. Utaratibu huu uliandikwa kwa ajili ya kompyuta kubwa. Mimi nilitaka kuuhamishia kwenye kibao kidogo cha saketi, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye programu nyepesi ya mtandao ambayo watu wa Ulaya walikuwa wameigawa bure. Ilikuwa kama kuhamisha familia kutoka nyumba ya vyumba sita kuja kwenye chumba changu cha Mjimwema: watu wataingia, lakini kabati na meza ya kulia vitabaki nje.

Nikaanza kukata. Kata hiki, punguza kile, na kila nikipima, kumbukumbu ya kibao bado haitoshi, pungufu kidogo tu, pungufu ya kuudhi. Mwisho nikafika kwenye kitu kinachoitwa namba ya kujitambua. Kila mashine ikianza kusalimia inajichagulia namba yoyote kubwa na kuitaja. Ikisikia namba ile ile inarudi kutoka upande wa pili, inajua hapo hapana mtu, ni sauti yake mwenyewe. Nikaitazama. Nikafikiri (na mimi nikifikiri, jamani, nakwenda mpaka mwisho wa barabara na kurudi): waya una ncha mbili. Ncha hii ni mimi. Anayenijibu atakuwa nani kama si ncha ile? Kujitambua kwa nini, kwani mimi ni mgonjwa wa akili? Nikaikata. Kwa hoja hiyo hiyo nikakata na ukaguzi wa anwani, maana mkiwa wawili chumbani hamhitaji kuandikiana bahasha. Kumbukumbu ikatosha. Ndiyo siku lile swali lilipoanza kuninyima usingizi, na kila usiku nililijibu kwa hoja zilezile nzuri, na kila usiku lilirudi.

Na risiti je? Mizani itajuaje kwamba uzito umefika? Hapa ndipo nilipojiona fundi. Nilikumbuka bibi yangu kule Matembwe: ukipita mlangoni kwake unasema "Kamwene", naye anakujibu "Kamwene", neno lile lile, basi mmeshaonana na siku imefunguka. Nikaamua: mizani itatuma uzito, Njombe itaurudisha uzito ule ule, na mizani ikiuona umerudi bila kubadilika, itaandika IMEPOKELEWA na kuufuta ili kupisha mwingine, kwa sababu nafasi ni ndogo. Nadhifu mno. Nilijipongeza kwa chapati mbili.

Nikajaribu mara tisa na mara zote tisa ikaenda vizuri. Kumbukeni tu jambo moja: mara zote tisa, programu ya kupokea kule Njombe niliiwasha mimi kwa mkono wangu, ndipo nikapanda gari kuja Makambako.

Kwenye ofisi ya Njombe alikuwepo katibu, Dada Atu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuchoka na maelezo. Nilimwandikia maagizo ya siku ya kuonyesha. Mara ya kwanza yalikuwa kurasa nne. Nikaona atadhani namdharau. Nikapunguza kuwa mbili, nikaona bado ni hotuba. Nikaendelea kukata (tayari nilikuwa na ugonjwa wa kukata) mpaka yakabaki mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: "Umeme ukikatika ukarudi, washa kompyuta." Kwamba baada ya kuwasha lazima uandike jina na neno la siri, halafu uanzishe programu, hilo lilikuwa ukurasa wa tatu, na ukurasa wa tatu ulikuwa kwenye pipa la taka.

Siku ikafika. Programu ya Njombe nilikuwa nimeiwasha jana yake jioni, nikaiacha ikisubiri. Alhaji alikuwa amealika wageni: watu wa halmashauri, wafanyabiashara wenzake wawili, na mzee mmoja mwenye kofia ambaye sikujua wadhifa wake lakini kila mtu alimpisha kiti. Kulikuwa na viti vya plastiki, soda, na utepe. Utepe! Kwa ajili ya kipande cha sabuni chenye taa! Upepo ulikuwa unaukunja utepe na kuuzungusha kwenye nguzo ya mizani, na mtu alipewa kazi ya kuushika usiende Mbeya.

Saa tatu nikabonyeza kitufe. Modemu, yaani chombo kinachopitisha maongezi ya mashine kwenye laini ya simu, ikapiga simu Njombe, ikalia ule mlio wake wa bata anayekabwa, wageni wakatazamana. Kompyuta yangu ya mkononi, ya kuazima, ilikuwa inaonyesha maongezi mstari kwa mstari. Sasa, katika majaribio yote tisa, mashine ya Njombe ilikuwa na tabia moja: ilikataa kwanza. Ilikataa mambo mawili, nikashusha, ndipo ikakubali. Siku hiyo haikukataa kitu. Nilichopendekeza ilikubali. Ilichopendekeza, ajabu, kilikuwa kile kile nilichopendekeza mimi, neno kwa neno. Tulifanana kama mapacha. Katika sekunde chache taa ya kijani ikawaka.

Mimi ninayejiuliza kama mwenye duka amenipa chenji sawa mpaka nafika nyumbani, mimi ninayeamka kuangalia mlango niliokwisha kuangalia, siku hiyo niliona mashine ya Njombe imebadilika tabia ghafla, nikafurahi. Mji mzima wa Makambako hakuna mtu anayekubali bei ya kwanza, hata ya kiberiti, na mimi nikaamini mashine imekubali bei ya kwanza kwa sababu ya umahiri wangu!

Wakapiga makofi. Alhaji akaniambia nieleze. Nikaeleza, na afadhali ningenyamaza, maana nilieleza hadi salamu ya bibi. "Ni kama Kamwene," nikasema nikiwa nimenyanyua kidole kama mchungaji. "Unatoa neno, unarudishiwa neno. Likirudi, ujue mwenzako yupo." Mzee mwenye kofia akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. "Vijana wetu," akasema, "wameleta sayansi na hawakuacha mila." Nikakaribia kulia.

Lori la kwanza likapanda mizani. IMEPOKELEWA. Likashusha, likapimwa tupu. IMEPOKELEWA. Hapo Mzee Sanga, ambaye alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akiandika kama kawaida, akainua macho.

"Alhaji, na mimi niendelee kuandika?"

Alhaji akanigeukia. "Aendelee, msomi?"

Nilikuwa na neno moja la kusema. "Aendelee" ingetosha, hata "Aendelee kwa leo tu". Badala yake nikaangalia wageni, nikaangalia taa yangu ya kijani, nikasema, "Mzee apumzike sasa, Alhaji. Mashine haichoki."

"Sanga, weka kalamu chini. Na hilo karatasi ulilolianza tupa."

Mzee Sanga akakunja karatasi, akaitupa kwenye moto wa mama muuza mahindi ya kuchoma, akaweka kalamu chini ya kigoda kwa utaratibu wa kuudhi, akakunja mikono. Wageni wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Yakapimwa malori manne asubuhi ile. La nne lilitoka Matembwe, na juu ya magunia alikuwa amekaa mjomba wangu Erasto mwenyewe, koti la mvua mwilini, akinipungia mkono kama mtu anayeingia uwanjani. Lile lilikuwa zao la msimu la watu wa kitongoji chake, kila mtu na magunia yake, na yeye ndiye waliyemtuma afuate uzito. Alipoteremka alinishika mkono akauzuia. "Nimewaambia kijijini," akasema, "safari hii mnunuzi hatatuibia, mizani ni ya mtoto wetu." IMEPOKELEWA, ikasema mizani ya mtoto wao.

Malori yakaondoka kufuata mizigo mingine, wenye mizigo wakapanda basi kwenda Njombe kuchukua hati, na sisi na wageni tukaingia kwenye magari kwenda kula huko huko na kuona uzito ulivyoingia. Njiani Alhaji alikuwa ananipangia ofisi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, kati ya watu wawili wanene, na ndipo nikaanza kuisoma upya ile mistari kichwani. Haikukataa kitu. Ilipendekeza vile vile. Neno kwa neno. Mapacha. Jasho likanitoka katika baridi ile ya barabara ya Njombe, ambamo hata ng'ombe hawatoki jasho.

"Unaumwa?" akauliza mmoja wa wanene.

"Hapana, nafikiri."

"Acha kufikiri, kijana. Umeshashinda."

Tukafika. Kwenye benchi nje ya ofisi walikuwa wamekaa wenye mizigo wanne, mjomba akiwa wa kwanza, kofia mapajani. Ndani, Dada Atu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta kwa adabu, mikono juu ya meza, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Kioo kilikuwa cheusi na neno moja tu: JINA. Na kidoa cha mwanga kikipepesa mbele yake.

"Dada Atu," nikasema, "programu iko wapi?"

"Programu gani? Umeme ulikatika alfajiri, ukarudi, nikawasha kompyuta. Kama ulivyoandika." Akanionyesha karatasi yangu, ameibandika ukutani kwa gundi. "Tangu asubuhi inauliza jina. Nikasema, jamani, inamuuliza nani? Nikaandika jina langu, haikulitaka. Nikaandika la Alhaji. Nikaandika na lako, kaka, ndilo ililolikataa haraka kuliko yote."

Nikapiga magoti kuangalia nyaya, lakini nilikuwa nimeshaelewa. Modemu ya Njombe ilikuwa imeipokea simu. Kompyuta ilikuwa imeamka nusu, inamuuliza kila anayekuja kwenye waya: wewe ni nani? Na kompyuta ikiwa katika hali hiyo, kila herufi unayoitumia inakurudishia kama ilivyo, kama mtoto wa darasa la kwanza anayerudia kila anachosema mwalimu. Mizani yangu ilisalimia, ikasikia salamu yake, ikaitika. Ikapendekeza, ikasikia pendekezo lake, ikalikubali kwa furaha. Ikatuma uzito, uzito ukarudi ule ule, ikaandika IMEPOKELEWA na kuufuta. Namba ya kujitambua, ile niliyoitupa, ingelimaliza jambo hilo kabla utepe haujakatwa.

Uzito wa malori manne haukuwa Njombe, na Makambako ulikuwa umefutwa. Karatasi ya Mzee Sanga ilikuwa imechoma mahindi.

Alhaji akaelewa kabla sijamaliza kusema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele.

"Niambie vizuri, nisikie mbele ya wageni," akasema. "Ulijuaje kwamba Njombe imeitika?"

"Ilirudisha namba ile ile, Alhaji."

"Kama Kamwene."

"Kama Kamwene, Alhaji."

"Mimi nimekaa na ninyi miaka ishirini na mbili. Mnasalimia vizuri, sina ugomvi. Lakini mimi mtu akiniambia asalaam aleikum, simrudishii asalaam aleikum. Nasema waaleikum salaam. Nimeigeuza, ajue kuna mtu. Hata shikamoo ina marahaba yake. Sasa wewe simama kwenye bonde lolote la hapa Njombe upige kelele, Kamwene! Bonde litakuambiaje?"

Wageni walikuwa wananitazama, mzee mwenye kofia akiwa mbele.

"Kamwene, Alhaji."

"Basi miezi sita nimekulisha, umeniletea bonde." Akageuka. "Wageni wangu, twendeni tukale, chakula angalau kipo." Wakatoka wakicheka ule mcheko wa watu wanaoshika midomo, na mlangoni nikamsikia mmoja wa wanene akisema, "Nilimwambia aache kufikiri."

Tukabaki mimi na Dada Atu. Kupitia dirishani niliiona kofia ya mjomba mapajani. Hakuwa ameelewa. Aliniinulia dole gumba.

Dada Atu akasogeza kiti, akashusha sauti. Nasema kwa haki: alikuwa ananihurumia. "Kaka, sikiliza. Idadi ya magunia tunayo, kuli wamehesabu wakati wa kushusha na wenye mizigo wameniletea. Gunia ni kilo mia, kila mtu anajua. Zidisha, andika, piga muhuri. Alhaji akirudi toka kula anakuta hati nne zimekaa mezani, unamwambia uzito ulikuwa umechelewa tu njiani. Nani atajua?"

Hapo, wenzangu, ndipo penye mkasa wenyewe. Yale ya mwanzo yalikuwa aibu tu. Kwa sababu hesabu yake ilikuwa nzuri. Kazi yangu ilikuwa mle ndani ya hesabu ile, na ofisi niliyopangiwa kwenye gari, na Matembwe yote ambayo isingeniona nikishuka kwenye lori na begi. Nikachukua kalamu. Nikaandika namba ya lori la kwanza. Halafu kichwa changu kikaanza kazi yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nakishukuru: gunia la Matembwe si kilo mia. Nani hajui? Nimeyajaza mwenyewe nikiwa mdogo. Lumbesa, juu limeshonewa kilemba, linabeba kilo ishirini zaidi, na ndiyo sababu wale watu walivumilia kuja mpaka kwenye mizani badala ya kuuza kwa gunia shambani, ambako mnunuzi huita mlima mzima kilo mia. Nikiandika mia, ninachukua kilemba cha kila gunia la kila mtu aliyemtuma mjomba. Na mjomba atapokea hati, ataikunja, atawapelekea, atasema ni mizani ya mtoto wetu. Nami nitamwitikia. Atasema mzigo umefika, nitasema umefika. Neno kwa neno.

Nilijiuliza maswali mengine kumi na mawili, siwafichi, pamoja na moja kuhusu uwezekano wa kutorokea Songea. Kisha nikaweka kalamu chini, nikatoka nje, nikasimama mbele ya benchi.

"Mjomba, na ninyi wazee wangu. Uzito wenu haukufika. Nimeupoteza mimi, si mashine wala dada huyu. Magunia yapo ghalani Makambako, yamepangwa kila mzigo upande wake. Nakwenda kuyapima upya sasa hivi, moja moja, na ninyi mkiwepo."

Mjomba alinitazama. "Yote?"

"Yote."

"Ni mia tatu na zaidi, mwanangu."

"Najua, mjomba."

Mwingine, mtu wa Lupembe niliyekuwa simjui, akauliza, "Mashine ya kupimia ni ile ile ya salamu?" Benchi zima likacheka, hadi mjomba. Nilistahili.

Kisha nikaenda mgahawani, kwa sababu jambo hilo nilitaka kulisema hadharani kama lile la asubuhi, nikamwambia Alhaji mbele ya sahani na wageni wake kwamba uzito haupo, kwamba hautapatikana kwa kukisia, na kwamba naomba gari la kurudi. Alitafuna nyama yake mpaka mwisho. "Kuli wangu wameshalipwa kwa leo," akasema. "Siwalipi mara ya pili kwa sababu ya bonde lako. Nani atabeba?"

"Nitabeba mimi."

"Na tai hiyo?"

Nikailegeza tai. Alhaji akatupa funguo mezani kwa dereva. "Wapeleke. Na wewe msomi, ukimaliza gunia la mwisho, njoo unisalimie. Ila kwa salamu yangu, si yako." Mpaka leo sijui kama wakati ule alikuwa ameshaamua kunibakiza, na nimelifikiria mara nyingi kuliko inavyofaa.

Tukafika Makambako jua likiwa bado juu ya reli. Utepe ulikuwa umeshaokotwa na mtu, anafungia kuku. Mzee Sanga alikuwa kwenye kigoda chake, mikono imekunjwa vile vile, kama nilivyomwacha asubuhi, kwa makusudi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesikia? Imegeuka. Habari imefika hapa kabla yako, na haikupita kwenye chombo chako."

"Mzee, kuna nakala yoyote uliyoandika? Hata kichwani?"

"Niliambiwa niweke kalamu chini, nikaiweka. Mimi ni mtu wa utii." Akainama, akaitoa kalamu chini ya kigoda, akaipuliza vumbi, akaiweka sikioni, kisha akaitoa tena na kufungua ukurasa mpya. "Mizani ndogo iko nyuma ya mlango. Utasoma wewe kwa sauti, nitaandika mimi, na kila namba nitakuuliza mara mbili. Siyo kwa laini mbaya. Ni kwa sababu ni wewe."

Kuli walikuwa wamekaa kwenye rundo la magunia wakinywa chai, na waliposikia ninachokuja kufanya walijipanga vizuri kama watu wanaosubiri mpira uanze. Mmoja akapiga kelele, "Enjinia, shingo iweke upande, usibebe kwa shahada!" Mimi niliapa mambo mengi siku ile nikiwa nimeinama, na moja ninalitimiza hadi sasa: programu yoyote nitakayoibana, hata chumba kikiwa kidogo kiasi gani, ile namba ya kujitambua inaingia kwanza, kabati na meza vibaki nje kama vinataka.

Nikavua tai, nikaifunga kiunoni. Mjomba Erasto akasogea kwenye magunia ya Matembwe, akalichagua lile lenye kilemba kirefu kuliko yote (kwa makusudi, hilo nina hakika), wakalinyanyua yeye na yule mtu wa Lupembe, wakanitwisha mgongoni. Nikayumba, kuli wakashangilia, nikafika kwenye mizani, nikalishusha, nikasubiri mshale utulie.

"Mia moja ishirini na tatu," nikasema.

"Ngapi?" akauliza Mzee Sanga.

"Ishirini na tatu, mzee. Tatu."

Akaandika, nami nikarudi kufuata la pili.